Tusingoje Matanga Kuwakumbuka Wachezaji Wetu

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo tumeikariri tangu shule ya msingi, na mimi naona tumeishika kuliko inavyostahili. Tunaogopa kumsifu mtu asije akaota mapembe, basi tunamnyima sifa zake mpaka siku anapolazwa kaburini. Hapo ndipo ndimi zinapofunguka. Kila mtu alimjua marehemu, kila mtu aliwahi kumpa mkono, na aliyeshika kipaza sauti hataki kukiachilia. Marehemu mwenyewe hasikii hata neno moja.

Mpenzi msomaji, nimeshika kalamu mwaka huu kuwatetea wachezaji wastaafu, hasa wale wa mpira wa magongo, yaani hoki. Mimi mwenyewe ni golikipa wa timu ya hoki ya shule yetu. Ukiniambia kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, sitakataa. Lakini nisikilize kwanza, ndipo unihukumu.

Mambo yalianza muhula wa kwanza. Jioni moja baada ya chajio tulikuwa tumeketi nje ya bweni, upande ule ambao mtu anaona mvuke wa visima vya Olkaria ukipanda juu ya vilima. Gumzo lilikuwa la Safari Rally. Tangu mashindano hayo yarudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari hupita hapa kwetu Naivasha, hata ndani ya mbuga ya Hell's Gate, na kila kijana anamjua Ogier na Rovanperä kama anavyomjua shangazi yake. Nikawauliza wenzangu, "Haya basi, ni Mkenya gani mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari mara tatu?"

Kimya.

"Joginder Singh," nikasema. "1965, 1974 na 1976. Na yule aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982?"

Kimya tena. Nikawaambia kuwa ni Shekhar Mehta.

"Wacha kutusumbua na historia, maze," mmoja akasema.

Sikuwacha. "Nitajieni mchezaji mmoja tu wa hoki wa Kenya wa zamani."

"Hoki? Kwani si hiyo ni ya Wahindi?"

"Mimi namjua mmoja!" akadakia rafiki yangu wa kitanda cha juu. "Golikipa wetu, yule aliyefungwa saba juzi!"

Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana mabao saba ni kweli nilifungwa. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikuwa nimemkumbuka Mzee wa Seng'enge.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akisimama nje ya seng'enge ya kiwanja chetu jioni tulipokuwa mazoezini. Alikuwa akija kwa baiskeli kutoka upande wa Kamere, amevaa koti kuukuu na kofia ya sufi hata kukiwa na jua. Mwanzoni tulidhani anauza mandazi. Kumbe alikuja kutazama hoki! Hakuwa mtu wa kelele. Tukitoa pasi nzuri aliguna, tukiupoteza mpira alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona ng'ombe wake akiingia shamba la watu.

Siku moja aliniita. "Kijana, njoo. Wewe unaanguka haraka sana. Ngoja yule mwenye gongo aamue kwanza, ndio na wewe uanguke." Halafu akapitisha mkono kati ya nyaya, akaniomba nimletee gongo la mwenzangu. "Mkono wa kushoto juu. Huu ndio unageuza. Wa kulia chini unasindikiza tu. Nyinyi mnashika kama jembe." Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa uzee, lakini gongo lilizunguka mikononi mwake kama mwiko mikononi mwa mama anayesonga ugali.

Tulimwita Mzee wa Seng'enge. Wengine walimwigiza jinsi anavyotikisa kichwa. Mimi pia nilimwigiza, Mungu anisamehe. Mara moja tu nilimwuliza, "Guka, kwani ulikuwa unacheza?" Akajibu, "Kidogo, kidogo. Zamani, Nakuru na Nairobi." Kengele ya chajio ikalia, nikakimbilia foleni. Nilijua kesho atakuwepo.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, tulipofungua muhula wa pili hakuonekana. Bawabu ndiye aliyetuambia kuwa mzee alizikwa wakati wa likizo. Nikamwuliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Bawabu akanitazama. "Mimi nilikuwa namwita Mzee tu. Si nyinyi ndio mlikuwa rafiki zake?"

Swali hilo la bawabu ndilo lililonitia katika safari ya kutafuta. Mzee wangu sikumpata. Sijui alichezea klabu gani wala miaka gani, na sitamzulia sifa asizokuwa nazo. Lakini katika kumtafuta yeye nimekutana na watu wengine ambao sikuwahi kufundishwa majina yao, na nilipowajua niliona haya.

Kumbe Kenya ilicheza hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Melbourne mwaka 1956, tukiwa bado koloni. Mwaka 1960 timu ikaenda Roma. Mwaka 1964 ikaenda Tokyo, uhuru wetu ukiwa haujatimiza hata mwaka mmoja, ikamaliza ya 6. Olimpiki hiyo ya Tokyo ndiyo ambayo Wilson Kiprugut alituletea nishani yetu ya kwanza, ile ya shaba katika mbio za mita 800. Kiprugut tunamsoma, na ni haki yake. Lakini wale waliokuwa wa 6 duniani katika Olimpiki iyo hiyo, nani anawasoma? Mwaka 1968 huko Mexico wakawa wa 8.

Halafu ikaja 1971. Hapo, mpenzi msomaji, naomba ukae vizuri. Mwaka huo Kombe la Dunia la hoki lilichezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona, na timu zilikuwa 10. Kenya ilifika nusu fainali! Ikafungwa na wenyeji, Uhispania, bao moja kwa bila. Katika kuwania nafasi ya 3 ikashindwa na India mabao mawili kwa moja. Tukawa wa 4 duniani. Waliobaki nyuma yetu ni Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Ufaransa, Australia, Japani na Argentina. Hao hao Wajerumani tuliowaacha nyuma ndio waliotwaa dhahabu ya Olimpiki ya Munich mwaka uliofuata.

Na wachezaji wenyewe ni nani? Yupo beki Avtar Singh Sohal, ambaye mashabiki walimwita Tari. Alicheza Olimpiki nne, kutoka 1960 hadi 1972, na katika tatu kati ya hizo alikuwa nahodha. Aliichezea Kenya mechi 167 za kimataifa, hesabu iliyomwingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye aliwafundisha wengine. Yupo Surjeet Singh Panesar, naye wa Olimpiki nne zizo hizo. Yupo Hilary Fernandes, mmoja wa wale Wagoa wa Nairobi waliong'ara miaka ya 1960. Wakaja baadaye akina Lucas Alubaha, Chris Otambo na Michael Omondi, waliovaa jezi ya taifa katika Olimpiki za miaka ya 1980. Mjini Los Angeles mwaka 1984 Kenya ilikuwa ya 9. Mwaka 1987 tulitwaa dhahabu ya hoki katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, na mwaka 1988 tukaenda Seoul. Tangu Seoul hatujarudi tena katika hoki ya Olimpiki.

Sasa nauliza. Watu waliofika wa 4 duniani wamepotelea wapi katika vinywa vyetu? Nimetafakari na nimeona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni sauti. Mtazameni Joe Kadenge, mwanasoka aliyeaga dunia mwaka 2019. Mimi sikumwona akicheza, na baba yangu pia hakumwona. Lakini nikipita uani nikiyumba na ndoo ya maji, baba husema, "Kadenge na mpira!" Maneno hayo aliyatoa wapi? Aliyapata kwa babu, na babu aliyapata kwenye redio, kwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Mbotela mwenyewe alituacha mwezi wa Februari 2025, na wengi wetu tulimjua kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" Kadenge alisukuma mpira kwa miguu, Mbotela akausukuma kwa Kiswahili, ukaingia kila kijiji chenye redio. Mchezaji akipata mtu wa kumsimulia kwa lugha ya watu, hafi haraka.

Hoki haikumpata Mbotela wake. Ilizungumzwa zaidi kwa Kiingereza, kwa Kipunjabi na kwa Kikonkani, tena ndani ya vilabu. Babu zetu waliokata nyasi za viwanja vile waliona mengi, lakini hakuna aliyewaomba wasimulie.

Sababu ya pili ni lile jibu nililopewa bwenini, "Hiyo ni ya Wahindi." Kweli, wakati wa ukoloni vilabu viligawanywa kwa rangi. Sikh Union ilikuwa ya Masingasinga, Wagoa walikuwa na vilabu vyao, Wazungu vyao, na Mwafrika alikuwa nje ya seng'enge. Kidonda hicho sikifichi. Lakini Tokyo na Barcelona jezi iliyovaliwa ilikuwa ya Kenya, na bendera iliyopandishwa ni hii tunayoipandisha sisi asubuhi. Wengi wa wachezaji wale walihamia Uingereza, Kanada na kwingineko miaka ya 1960 na 1970, wakaenda na hadithi zao. Walioondoka tukawasahau kwa kuwa hawapo. Je, waliobaki? Lucas Alubaha naye ni Mhindi? Chris Otambo ni Mhindi? Tumewasahau na wao pia. Basi tusisingizie rangi. Sisi husahau watu wa rangi zote kwa usawa.

Sababu ya tatu ni kwamba uzi ulikatika. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya raga ya New Zealand iliyokwenda kucheza na Makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 tukasusia ya Moscow baada ya Warusi kuivamia Afghanistan. Sikosoi msimamo wa kupinga ubaguzi, maana heshima ya mtu mweusi ni kubwa kuliko nishani. Nasema tu kwamba gharama ililipwa na wachezaji. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978, na hadi anafariki Februari 2024 hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Wachezaji wa hoki nao walikaa miaka 12 bila Olimpiki. Mtu aliyekuwa kijana Munich alikuwa baba wa watoto Los Angeles. Isitoshe, Montreal ndiko hoki ya Olimpiki ilipoanza kuchezwa kwenye nyasi bandia, na mchezo ukawa wa gharama. Uwanja wa City Park kule Nairobi uliwekewa zulia hilo, lakini shule nyingi bado zinacheza kwenye nyasi za Mungu. Sisi wa Olkaria hata nyasi hatuna. Tuna lile vumbi letu jeupe, linaloingia puani hadi mtu anapiga chafya saa ya maakuli.

Nasikia msomaji mmoja akisema, "Wewe bwana, kumbukumbu haijazi tumbo. Mchezaji mstaafu anataka matibabu na kodi ya nyumba, hataki makala." Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Yapo machozi mengi. Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliwachekesha wazazi wetu miaka mingi kwenye runinga, na alipofariki mwaka 2015 taifa zima lilimlilia. Lakini wakati alipokuwa akisumbuliwa na macho na maisha, waliomkumbuka walikuwa wachache kuliko waliomlilia. Kwa hivyo ni kweli, sifa tupu hazinunui dawa.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Msaada hutangulia au jina hutangulia? Tuna Sikukuu ya Mashujaa kila tarehe 20 Oktoba tangu katiba ya 2010, na tuna sheria ya mashujaa ya mwaka 2014. Sasa Serikali itamtambuaje mtu ambaye hata jirani yake hajui jina lake? Mchango huanza na mtu mmoja kusema, "Huyu mzee mnayemwona hapa aliwahi kutuchezea." Asiyesemwa hachangiwi. Naam, makala hayajazi tumbo, lakini huonyesha njia ya kwenda kwenye sufuria.

Mwingine atasema tuwaangalie wachezaji wa leo, ya kale hayanuki. Namjibu kwa mfano wangu mwenyewe. Ushauri ule wa "ngoja aamue kwanza" niliupata bure kutoka kwa mzee aliyesimama nje ya seng'enge. Hakuna mkufunzi aliyewahi kunipa neno fupi lenye faida kama hilo. Yale mabao saba niliyofungwa, pasipo yeye yangekuwa kumi na matatu! Mzee wa namna hiyo ni maktaba, na maktaba yetu ilikuwa inakuja kwa baiskeli kila jioni nasi tukaiacha nje.

Na tusidhani kwamba wastaafu wote wako Nairobi. Hapa Bonde la Ufa la kati wamejaa. Philip Waruinge alilelewa kimasumbwi mjini Nakuru, mji wenye ukumbi wa ndondi uliobandikwa jina la Madison Square Garden kama ule wa New York. Alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na tena 1970. Huko Mexico mwaka 1968 alipata shaba, lakini kombe la Val Barker, analopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote, akapewa yeye badala ya walioshinda dhahabu. Mwaka 1972 akapata fedha mjini Munich, kisha akaenda kupigana ngumi za kulipwa Japani. Niliuliza darasani kwetu ni wangapi wanamjua Waruinge. Mikono miwili iliinuka, na mmoja alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Akina dada nao wasiachwe nyuma. Timu ya hoki ya wanawake ya Telkom, ambayo Jackline Mwangi na Betsy Omalla waliichezea, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi. Hao ni wa juzi tu. Tukiwaacha leo, kesho watakuwa wametoweka kama wale wa Barcelona.

Sisi wa Olkaria hatuna udhuru, kwa sababu tunaishi na mfano mzuri mbele ya macho yetu. Hapa visima vya mvuke vilianza kuchimbwa miaka ya 1950, na umeme wa kwanza ukapatikana mwaka 1981, kwa mtambo wa megawati 15. Katika miaka hiyo yote ya katikati watu walichunga mbuzi juu ya utajiri bila kuuona. Mvuke ulikuwepo, ila ulihitaji mtu wa kuchimba na kuandika. Na leo kila kisima kina namba yake na taarifa zake. Hata kisima kilichochimbwa kikakosa mvuke wa kutosha kina namba. Tunajua kisima fulani kilichimbwa lini na kina urefu gani. Je, binadamu aliyeichezea nchi yake, au hata klabu ya mji wake, ni mdogo kuliko shimo?

Kulalamika bila kutoa njia ni sawa na kumwonyesha mgonjwa kidonda chake na kwenda zako. Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa Chama cha Kiswahili na kwa shule.

Kwanza, kila mwanachama akienda likizo amtafute mtu mmoja mzima aliyewahi kucheza, kuimba, kuigiza au kutangaza, na amwulize maswali matatu: Unaitwa nani? Ulicheza wapi na lini? Ni jambo gani ungependa vijana walijue? Asingoje mchezaji wa Olimpiki. Aliyekuwa golikipa wa timu ya shamba la maua naye ana hadithi yake. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, kama yalivyosemwa, bila kuyapaka mafuta, na yawekwe katika daftari moja litakalokaa maktabani.

Pili, siku ya zawadi mmoja wa watu hao aalikwe angali hai. Aketishwe mbele, na apewe nafasi ya kusema kabla ya wageni waheshimiwa hawajaanza hotuba zao. Soda moja na kiti cha mbele havitafilisi shule.

Tatu, na hili nalisema nikiwa nimepiga magoti, hoki isiondolewe. Kuna fununu kwamba mwaka ujao magongo yetu kumi na manne yatafungiwa ghalani kwa sababu mchezo huu hauna mashabiki. Nawaomba walimu wetu wapendwa watuvumilie. Shule kama Musingu, Kamusinga na St. Anthony's Kitale hazikuanza na majina makubwa. Zilianza na vijana, magongo na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuyashika. Na mashabiki hawazaliwi kwa kufunga mchezo. Shabiki huzaliwa akisimuliwa. Ikiwa sisi tutawasimulia wadogo zetu habari za Tari na Barcelona, watakuja kusimama kando ya kiwanja, tena ndani ya seng'enge.

Mimi sitangoji mkutano wa chama. Daftari nimekwisha kulinunua, kubwa, la kurasa 200. Ukurasa wa pili nimemwandika nahodha Avtar Singh Sohal, wa tatu Lucas Alubaha, wa nne Philip Waruinge. Ukurasa wa kwanza niliutenga kwa mwingine. Juu yake nimeacha mstari mtupu wa jina, na chini yake nimeandika hivi: "Mzee, wa Kamere. Alicheza hoki Nakuru na Nairobi. Alifundisha kushika gongo mkono wa kushoto juu. Alikuja kwa baiskeli."

Msomaji, ikiwa nyanya yako anaishi Kamere, au mjomba wako anafanya kazi upande huo, tafadhali mwulize. Mstari ule bado uko wazi.